Zamu ya Resham

Visiki vilikuwa tisa. Inspekta Nirjala Shahi alivihesabu mara mbili, kwa sababu mwenyekiti wa kikundi cha msitu alisimama nyuma yake akihesabu naye kwa sauti, na huyo hakuwa mwanamke wa kumpa nafasi ya kukukosoa.

"Tisa," alisema Jasmati. "Na ule pale hawakuugusa. Uangalie vizuri."

Msonobari wa kumi ulisimama katikati ya visiki, mnene na mrefu kuliko hata mmoja wa ile iliyokatwa. Magogo yenyewe yalikwisha kuburutwa mpaka barabara ya chini. Alama za trekta zilifuata mto hadi darajani, na baada ya daraja ilikuwa lami tupu. Hayo Nirjala aliyamaliza jana. Leo alikuwa amebaki na swali moja: Jumamosi, kijiji kizima cha Simle kikiwa kwenye tamasha la hekalu ng'ambo ya mlima, msumeno wa injini ulinguruma humu mchana kutwa. Mlinzi alikuwa wapi?

Alichuchumaa. Visiki vilikatwa chini kabisa, karibu na ardhi. Miti yote tisa iliangushiwa upande wa mwambani, ambako kuiangusha ni kazi ngumu. Upande ulio rahisi kulikuwa na miche iliyopandwa mwaka jana, kila mmoja na kijiti chake cha kuushikilia. Hakukuwa na mche hata mmoja uliovunjika.

"Mwizi huyu kalelewa vizuri," alisema Konstebo Padam. Alikuwa mzaliwa wa kijiji cha jirani, amebakiza mwaka mmoja astaafu, na mambo yake ya maana yote aliyasema kama utani.

"Kalelewa papa hapa," Jasmati alimjibu. "Mti huo ulioachwa ni wa Tulimaya. Aliupanda kilima hiki kikiwa kipara, hata mbuzi wanakikwepa, mwanawe Resham akiwa mgongoni. Mimi ndiye niliyekuwa nampandishia maji. Miaka thelathini na mitatu, Inspekta. Na Jumamosi fimbo ilikuwa ya nyumba zao. Sasa niambie, hapo kuna la kupeleleza?"

Nirjala hakuhitaji kuelezwa habari ya fimbo, maana alikulia kijiji chenye fimbo kama hiyo. Simle hawakuajiri mlinzi wa msitu. Walikuwa na fimbo ndefu yenye pete ya chuma kwenye ncha ya chini, imelainika kwa viganja vya watu, na ilitembea nyumba kwa nyumba. Aliyelinda leo, jioni aliiegemeza mlango wa nyumba inayofuata bila kubisha hodi. Aliyeikuta mlangoni alfajiri alijua siku ni yake. Na nyumba iliyopewa fimbo ikaacha msitu uibiwe ilifutwa kwenye daftari: hakuna majani ya mifugo, hakuna kuni, hakuna hata takataka za kutandikia zizi.

"Mkutano wenu saa ngapi?"

"Saa tisa, pale kwenye kitalu. Tutazifuta nyumba mbili, yake na ya mwanawe." Jasmati alivuta shali yake. "Usinitazame hivyo. Tulimaya nimekula naye sahani moja tangu nilipoolewa hapa. Lakini nikimwachia yeye, kesho nitamkatalia nani?"

Wakateremka. Njiani walipita nyumba saba zenye kufuli. Penye miti hapana wajenzi. Simle ilikuwa na msitu wa kujengea mji mdogo, na vijana wake walikuwa Doha na Kuala Lumpur wakijenga maghorofa ya watu.

"Akifutwa, afande, yule nyati wake atamlisha nini?" Padam alisema. "Atamuuza. Halafu binti yake aliyeolewa bondeni atakuja kumchukua. Kila mwaka anamwita."

"Si vibaya mtu kukaa na binti yake."

"Si vibaya. Ila Tulimaya haondoki mpaka Resham arudi. Kijana alikwenda Malaysia, mwaka huu ni wa kumi na moja. Miaka minne alipiga simu, baadaye kimya. Mama anasema hajafa, kwa sababu waliokufa huletwa." Padam alitema mate pembeni. "Nyumba ikifungwa, akirudi atamkuta nani? Hilo ndilo linalomuuma."

*

Gopilal walimkuta kwenye kibaraza chake akichonga mpini wa jembe. Alikuwa binamu wa marehemu mume wa Tulimaya, na ndiye aliyelinda msitu siku ya Ijumaa.

"Fimbo uliipeleka wapi?" Nirjala aliuliza.

"Kwa Resham. Jua linazama. Nikaiegemeza mlangoni, nikaenda zangu."

"Resham hayupo."

"Inspekta, nusu ya kijiji hawapo. Hao tunawaruka. Resham hatumruki, kwa sababu Shemeji Tulimaya humlindia. Leo analinda ya mwanawe, kesho analinda ya kwake. Miaka kumi na mmoja hajakosa zamu hata moja, awe na homa, inyeshe mvua ya mawe. Nyumba ikikosa zamu tatu inafutwa, na yeye hataki jina la mwanawe litoke kwenye daftari."

"Nionyeshe mikono yako."

Gopilal aliitoa. Viganja vilikuwa na mabaka meusi ya utomvu wa msonobari, na Padam akaacha kuegemea nguzo.

"Wa lini huu?"

"Wa wiki iliyopita. Mzee Kule alipofariki, unadhani nani alikata kuni za kuuchomea mwili wake? Waliobaki wenye nguvu hapa ni mimi na yule beberu wangu. Na utomvu ni kama ndugu wa mke, ukishakushika hautoki."

Nirjala aliukwangua kwa ukucha. Ulikuwa mkavu, ukamomonyoka kama ugoro. Utomvu wa Jumamosi ungekuwa bado unanata. Padam alifungua nakala ya daftari la kikundi, akapata mahali: mti mmoja uliokauka, kwa ajili ya msiba, sahihi tatu.

"Na Jumamosi?"

"Nilikuwa tamashani. Nililewa nikacheza, nikaanguka mbele ya kuhani. Muulize mtu yeyote, wote watakuambia kwa furaha."

"Ungesema ulisahau kuipeleka fimbo, shemeji yako angepona."

Gopilal alirudisha macho kwenye mpini wake. "Ningefutwa mimi. Na isitoshe niliipeleka kweli, Inspekta. Nampenda yule mama, lakini niliipeleka."

Mtu aliyesema hivyo alikuwa mkweli au alikuwa na akili nyingi. Nirjala aliona hakuna njia ya kujua isipokuwa kwenda kuuona mlango.

*

Nyumba mbili zilitazamana uani. Ya Tulimaya ilikuwa ya zamani, fupi, yenye moshi. Ya Resham ilikuwa na bati la buluu na mlango wa mbao nzito, na kufuli ya kutu iliyokuwa imefungwa miaka kumi na mmoja. Tulimaya alikuwa anashusha kapu la majani kutoka mgongoni. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, miaka sitini na kitu, na kamba ya kapu ilikuwa imemchimbia mfereji kwenye paji la uso.

"Mwanangu," alimwambia Nirjala, "umekuja kunifunga?"

"Nimekuja kuuliza, mama."

"Basi kaeni. Nina mahindi ya kukaanga."

Wakala mahindi. Hakuna polisi anayehoji watu wa mlimani huku amekataa mahindi yao.

"Jumamosi ulikwenda saa ngapi kuchukua fimbo?"

"Jogoo wa kwanza. Nilivuka ua mpaka mlango wa Resham, haikuwepo. Nikangoja. Nikasema Gopilal kaanza kulewa mapema. Jua likatoka, nikarudi tena kutazama. Hamna."

"Nyumba ya Gopilal ni hatua hamsini. Kwa nini hukumuuliza?"

Tulimaya alichambua mahindi yaliyoungua, akayaweka pembeni moja moja.

"Nilidhani wamemfuta," alisema mwishowe. "Mwezi uliopita Jasmati alisema mkutanoni kwamba nyumba zisizo na watu, hata zile zinazolindiwa, zitolewe kwenye daftari. Nilipoukuta mlango mtupu, nikajua ndiyo hiyo. Ningeuliza, wangenijibu. Nisipouliza, jina lake bado liko."

"Kwa hiyo ukakaa ndani."

"Nikajifunika blanketi. Mashine niliisikia. Siku hizi kila pembe wanachonga barabara, nikasema ni hao. Tangu siku hiyo sijaukaribia ule mlango. Sikuwa na moyo."

Mtu mwingine angeuona ni ujinga. Nirjala, ambaye mama yake hadi anakufa alikataa kuuliza habari za mwanawe aliyepotelea ugenini Assam, hakuona ujinga wowote. Aliinuka, akavuka ua.

Kibaraza cha Resham kilikuwa kimesiribwa kwa udongo mwekundu na samadi, laini kama ngozi ya ngoma.

"Ulisiriba lini?"

"Ijumaa mchana. Nasiriba kila sikukuu."

Nirjala alipiga magoti. Kando ya mlango, pale udongo ulipokuwa bado na unyevu Ijumaa jioni, palikuwa na shimo la duara lenye ukingo mkali wa pete ya chuma. Gopilal hakudanganya. Fimbo ilifika. Tulimaya aliliona shimo hilo wakati uleule, akashika nguzo, kwa sababu alielewa maana yake: zamu ilikuwa ya nyumba zao kweli, na hakulinda.

"Basi mmenipata," alisema.

"Ngoja kwanza, mama."

Chini ya kufuli, juu ya ule udongo wa Ijumaa, palikuwa na vumbi la kahawia. Nirjala alichukua kidogo kwa ncha ya kidole. Kutu. Aliitazama kufuli bila kuigusa: mwili wote ulikuwa umeliwa, lakini tundu la ufunguo lilikuwa na mkwaruzo mpya unaong'aa. Kando ya kizingiti palikuwa na sahani ya shaba imefunikwa kifudifudi.

"Hii sahani ya nini?"

"Ya mikate. Kila sikukuu nikikaanga ile ya duara, ya mchele, namwekea Resham mlangoni. Wanakula kunguru. Najua ni kunguru, usinicheke."

"Sicheki. Ijumaa uliweka mingapi?"

"Saba."

"Na Jumamosi alfajiri uliikuta hivi, imefunikwa? Hukuiosha wewe?"

"Sijaigusa."

Nirjala aliigeuza. Mikate ile hukaangwa katika samli, na samli huganda kwa baridi. Sahani haikuwa na hata doa. Kwenye ukingo wake zilibaki chembe za majivu.

"Padam," alisema kwa sauti ya chini, "mbwa huosha sahani?"

"Kwangu hata watu hawaoshi, afande."

"Na kunguru?"

Padam aliitazama sahani. Utani ulikuwa umemwisha.

Nirjala alikwenda upande wa dirisha, ambako ubao mmoja ulikuwa umeachana na mwenzake, akamulika kwa tochi. Ndani mlikuwa na kitanda kisicho na godoro, vumbi la miaka, na katika vumbi nyayo za viatu vya buti zikienda na kurudi. Mbele ya kitanda palikuwa pamefutika kwa urefu wa mtu aliyelala chini. Ukutani, imeegemezwa kwa uangalifu, ilikuwapo fimbo.

Alizima tochi. Kile alichokitafuta tangu jana kilikuwa mikononi mwake, na hakukifurahia. Kingemwokoa mama huyu mbele ya kijiji, na kingemuumiza kuliko kijiji kizima.

"Nenda kamlete Jasmati," alimwambia Padam, "na mashahidi wawili. Na nyundo."

Tulimaya alisikia neno nyundo. Alikuja mbio akasimama mbele ya mlango, mikono imetanda.

"Hiyo kufuli haivunjwi. Nina miaka kumi na mmoja napita hapa, mvua inavuja ndani naisikia, sijaivunja. Ufunguo ni mmoja tu na anao yeye, shingoni, kwenye uzi mwekundu. Atafungua mwenye nyumba."

Nirjala alimshika mabega. Yalikuwa mepesi ajabu.

"Mama," alisema, "ameshafungua."

*

Kufuli ilivunjika kwa pigo la pili. Jasmati aliingia kwanza, mashahidi wakafuata, na Gopilal alikuwa mmoja wao. Hakuna aliyeigusa fimbo. Nirjala alisimama mlangoni akaeleza kama anavyoeleza mahakamani, kwa sababu kwa namna nyingine asingeweza.

"Ijumaa jioni fimbo iliegemezwa hapa. Baada ya hapo mtu alikuja na ufunguo. Alikula mikate, akaosha sahani, akalala chini. Kabla ya alfajiri aliingiza fimbo ndani, akafunga, akaondoka. Alijua kwamba mama huyu asipoiona fimbo hatapanda msituni. Kama angetaka tu mlinzi asiwepo, angeitupa korongoni. Yeye aliiweka vizuri, ipatikane."

"Watu wa msumeno walitoka ng'ambo ya mto," alisema Jasmati polepole. "Walijuaje zamu zetu?"

"Walikuwa na mtu wa kuwaambia. Mtu aliyejua pia miche iko upande gani, na miti iangukie wapi isiivunje. Na ulipofika ule msonobari wa katikati, mnene kuliko yote, alikataa usikatwe."

Nje upepo ulipita katika misonobari, na mlio wake uliwafikia hadi ndani. Gopilal alivua kofia.

"Aliificha fimbo mama yake asikutane na wezi," alisema.

"Hapana," alisema Tulimaya. Alikuwa bado kizingitini, hajaingia. "Aliificha nisikutane naye."

Nirjala alitarajia kilio, na Padam, aliyekuwa na uzoefu zaidi, alikwisha kusogea ili amdake akianguka. Tulimaya hakuanguka.

"Mikate alikula yote?"

"Yote, mama."

"Saba?"

"Saba. Na sahani akaisugua kwa majivu."

"Nilimfundisha mimi," alisema. "Baba yake alikuwa akisema mtoto wa kiume haoshi vyombo. Nikamwambia, huyu ataosha." Aliugeukia ua. "Ua wenyewe huu. Hatua kumi na mbili. Angebisha tu."

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Jasmati ndiye aliyelazimika kusema, maana daftari lilikuwa kwapani mwake.

"Dada, wewe hufutwi. Fimbo haikukufikia, kila mtu kaona. Lakini Resham..." Alilifungua daftari, akalifunga. "Ilikuwa mlangoni kwake. Aliichukua kwa mkono wake. Sheria unaijua, tuliiandika pamoja."

"Naijua." Tulimaya aliingia ndani kwa mara ya kwanza. Alipita kando ya zile nyayo bila kuzikanyaga, akaichukua fimbo ukutani. "Leo ni zamu ya nani?"

Gopilal alihesabu kwa vidole.

"Tangu Jumamosi haijatembea," alisema Gopilal.

"Basi bado ni zamu ya Resham, na haijalindwa. Naenda kuilinda. Kesho nitalinda yangu. Keshokutwa fanyeni mkutano, mfute mnayemfuta." Alifunga shali kiunoni. Alipofika kwa Nirjala alisimama. "Utaweka kufuli nyingine?"

"Ni nyumba ya ushahidi, mama. Kwa kawaida tunaweka."

"Usiweke. Atakuja na ufunguo wa zamani."

Akapanda zake. Walimtazama mpaka alipoingia kwenye miti, fimbo ikitangulia, akielekea pale kwenye visiki na ule msonobari mmoja. Jasmati aliliweka daftari chini ya shali, kama mtu anayeficha chakula, akaenda kitaluni kuwaambia watu warudi nyumbani.

Padam alikuwa na kufuli mpya mfukoni, ya kituo. Aliitoa, akaipima mkononi.

"Nifunge, afande?"

Nirjala aliutazama mlango ulioachwa wazi, kisha nyumba ya Gopilal, hatua hamsini, ambayo dirisha lake liliuona ua wote. Aliirudisha ile sahani ya shaba mahali pake kando ya kizingiti, kifudifudi kama ilivyokuwa.

"Usifunge. Kaa kwa Gopilal. Usivae sare, na usilewe naye."

"Unadhani atarudi?"

"Mtu asiyerudi haoshi sahani."

Padam akaondoka kutafuta blanketi. Miaka kumi na mmoja Resham alikuwa akingojwa na mtu mmoja tu. Kuanzia jioni hiyo walikuwa wawili, na wa pili alikuwa na pingu.